Logi ya Albano na Kiuno cha Mwenyekiti

Benchi la fundi Mashaka, kule Tandika nyuma ya soko, lina miguu mitatu ya mti na mmoja wa tofali. Limeegeshwa ubavuni mwa kibanda chake cha cherehani, na lina katiba ya kifungu kimoja: anayekaa upande wa mlango hasimami kabla ya kutangaza, maana akiinuka ghafla upande wa pili unashuka, na aliyekaa huko anashuka nao. Alasiri ile upande wa mlango alikaa Albano, mtu wa Masasi, mpangaji wa kurasa katika kiwanda kidogo cha uchapaji kilichofunguliwa baada ya biashara kuachiwa huru. Upande wa pili alikaa Mzee Khalfani, aliyeitwa Mwenyekiti ingawa hakuna aliyekumbuka uchaguzi. Katikati yao, futi shingoni, Mashaka mwenyewe, maarufu kwa jina la Redio Mbao. Mwishehe muuza kahawa alikuwa amechuchumaa mbele yao na dele lake, na sinia la kashata limefunikwa gazeti.

Albano alikuwa amepakata rundo la karatasi ndefu isiyokatika, yenye matundu pembeni, iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka ikamziba kidevu.

— Umekuja na sanda ya nani? Mashaka akauliza.

— Logi hii, braza. Kompyuta ya kupangia kurasa ikimaliza kitabu, inaandika yenyewe kila kilichoikera njiani.

— Yote haya kero?

— Yote.

— Kumbe umeoa!

Benchi zima lilicheka mpaka tofali likaguna. Albano hakucheka. Bosi alitaka muhtasari wa logi ile, nusu ukurasa basi, na Auleria, fundi wa sahani za kuchapia, angepita kuuchukua akirudi kazini. Jioni hiyohiyo kitabu kinaingia mitamboni. Kilikuwa kitabu cha kufundishia ushonaji. Kile cha kabla yake kilitoka na kurasa zimesimama kichwa chini, na bosi alishasema mbele ya watu: kingine kikiharibika, Albano akapangie kurasa kwao Masasi. Na Masasi, Albano alijua, hakukuwa na kurasa za kupanga. Kulikuwa na korosho.

— Tusomee, Mwenyekiti akaamuru. Mie kiuno hiki hakiniruhusu kuinama.

Kiuno hakikuulizwa. Mzee Khalfani alikuwa akileta habari za kiuno chake kila siku kabla ya kikombe cha kwanza, na kijiwe kilishapitisha zamani kwamba habari ikija mara ya tatu haihesabiwi tena.

Albano akaanza kufasiri Kiingereza cha logi.

— Mstari umejaa mno, unatoka nje ya ukingo. Mstari umejaa mno. Mstari umejaa mno…

— Joto hilo, Mashaka akadakia. Mashine ya watu imezoea barafu. Ukiileta Tandika, mistari inavimba. Hata reli inavimba mchana, seuze mstari.

— Siyo joto. Haijui kukata maneno ya Kiswahili. Neno la Kiingereza likifika mwisho wa mstari inajua ilikate wapi. Sasa ikikutana na "watakaoshonewa" inaliacha lichungulie nje.

Mwenyekiti akaweka kikombe chini.

— Ala! Kwa hiyo anayeshitakiwa ni Kiswahili?

— Kwa namna hiyo, mzee.

— Mgeni kaja juzi kwa meli, anatukosoa wenyeji maneno yetu marefu! Sie watu wa mji huu tumepokea kila kabila. Wamakonde wamekuja, Wamakua wamekuja, hakuna aliyeleta malalamiko ya karatasi.

— Mie Mmakua, Mwenyekiti.

— Si ndo nakwambia? Wewe ulilalamika?

— Nimelala sakafuni mwaka mzima.

— Lakini kimya!

Mwishehe, aliyekuwa akisuuza vikombe, akaona hoja inapita bila yeye.

— Nyie hamjui. Hizi siasa. Tangu vyama vingi viruhusiwe, kila kitu kina chama chake. Mashine hiyo mpinzani, na hiyo uliyoipakata ndiyo ilani.

— Siasa wapi! Mashaka akashusha sauti, kama afanyavyo akitaka kusikika mpaka sokoni. Nikupeni nilichosikia mie. Mzungu aliyeiuza anasoma kila inachoandika. Inamwandikia yeye! Sie huku tunaona "mstari umejaa mno". Kule kwake inasomeka "hawa watu wa Tandika wanakunywa kahawa saa za kazi".

— Inamwandikia kwa waya gani? Albano akauliza. Simu ya kiwandani imekufa tangu masika.

— Ndo maana inarudiarudia. Haijajibiwa!

Hapo hata Mwenyekiti akakubali kwamba hoja ina mashiko.

Albano akatazama barabarani. Auleria alikuwa hajaonekana, lakini kivuli cha kibanda kilishafika miguuni mwao, na yeye hajaandika hata neno.

— Jamani, nataka nusu ukurasa tu. Nifanyeje?

— Kumbe shida yako kuchuja! Mashaka akasema, akiingia kibandani kuchukua mkasi. Bwana'ngu, mie taarifa ya habari nzima naitoa hapa kwa kikombe kimoja. Unajua nafanyaje? Naondoa yaliyosemwa jana. Sheria ya benchi ileile: neno la mara ya tatu halihesabiwi. Anayelalamika kila siku haumwi, kazoea. Wewe soma, mie nakata.

Albano akaona ina akili. Na kweli ilikuwa na akili, kwa kiasi chake.

— Mstari umejaa mno.

— Kata!

— Mstari haujajaa vizuri.

— Juzi umejaa, leo haujajaa, hana msimamo. Kata!

Mkasi ukaenda kama uko kwenye kitambaa cha sikukuu. Vipande vikaanguka, na Mwishehe akaviokota kimoja kimoja, akavinyoosha gotini, akaanza kufungia wateja kashata. Karatasi ilikuwa safi, nyeupe, bora kuliko gazeti. Rundo la Albano likapungua toka kidevuni hadi kifuani, toka kifuani hadi tumboni.

Kisha Albano akasita.

— Hii inasema "picha sijaipata".

— Kaisema mara ngapi?

— Hii hapa. Na hii… Na hii chini. Inasema kwa kila picha.

— Maneno yaleyale?

— Yaleyale.

— Kata! Mwenyekiti akasema, mkono kiunoni.

— Ngoja kwanza, Mwenyekiti. Picha ni picha.

Mashaka akasimamisha mkasi hewani, kwa huruma.

— Braza, picha za kitabu zipo au hazipo?

— Zipo. Nimezichora mwenyewe, nikazitia kwenye diski. Diski niliiweka mezani kwa mkono wangu.

— Basi zipo. Huyu muongo. Tena muongo wa kurudia.

Mkasi ukashuka.

Mwisho wa yote ukabaki ukanda usiofika urefu wa kola. Ulisema tarehe, ukasema jina la kitabu, ukasema kazi imekwisha. Albano akachukua biro, akaegemeza karatasi gotini, akaandika: *Mashine imelalamika kwa mazoea, ila imemaliza kazi. Makosa ya kweli hayapo.* Akaisoma kwa sauti. Mwenyekiti akaipitisha bila kupigia kura. Albano akaagiza kahawa kwa watu wote, na Mwishehe akakamua dele mpaka tone la mwisho.

Auleria akatokea upande wa soko, mwendo wa mtu mwenye kazi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu kahawa, Mwenyekiti akasema.

— Asante, nimechelewa. Kaka Albano, muhtasari uko wapi?

Albano akampa, kwa mikono miwili. Auleria akausoma, akaukunja, akatoa mkobani kitu chembamba cha mraba, cheusi.

— Na hii diski uliisahau mezani tangu juzi. Nikasema nikuletee isije ikapotea. Ina nini?

— Picha za kitabu.

— Zote zimo humu?

— Zote.

Auleria akaigeuza diski upande huu, akaigeuza upande ule.

— Sasa kama picha zimo humu, mle kitabuni zimeingiaje?

Mashaka, bado amesimama, akatazama mkasi wake. Mwishehe akatazama sinia la kashata. Ng'ambo ya barabara mama mmoja alikuwa akiondoka na kashata zake, amezikumbatia vizuri ndani ya "picha sijaipata". Albano akakiona kitabu chote mara moja, kama kinafunuliwa na upepo: *kunja kola kama inavyoonekana hapa*, na hapa peupe, *kata kwapa kwa kufuata mchoro huu*, na mchoro huu peupe, darasa zima la mafundi chipukizi na mikasi mikononi, wanakodolea peupe.

— Kisichapwe! akapiga kelele, akaruka kusimama.

Hakutangaza.

Tofali likatoka. Upande wa pili ukashuka, na Mzee Khalfani akashuka nao, kikombe, kofia na kila kitu. Albano hakuona. Alishaupokonya muhtasari mkononi mwa Auleria, ameuchana, amenyakua diski.

— Naenda kumwambia bosi mwenyewe. Nitakipanga upya, niwe nimefukuzwa au sijafukuzwa!

Akaondoka mbio kuelekea kiwandani, Chang'ombe, huku ukanda wa matundu wa pembeni mwa logi ukimning'inia kiunoni kama mkia.

— Kiuno, Mwenyekiti akasema kutoka chini.

Mashaka akaanza kucheka, kwa mazoea.

— Keshasema asubuhi huyo, Mwishehe akasema.

Lakini mzee hakuinuka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mkono wake ulikuwa umeshika mchanga. Auleria akaweka mkoba chini, akapiga magoti, akamwekea kofia chini ya kichwa. Kisha akainua macho kwa waliobaki.

— Nyie mnakaa naye hapa kila siku. Kiuno hiki kimemwanza lini?

Mashaka akamtazama Mwishehe. Mwishehe akalitikisa dele, akalitikisa tena, kama jibu limo humo. Halikuwa na kitu.