Ramani Tuliyoiacha Huru

Kijiwe chetu ni benchi la mbao chini ya tuta la bahari hapa kijijini Eastersyl, kando ya kibanda cha kahawa. Maji yakipwa, matope hutanda mpaka kisiwani, na watu huvuka kwa miguu. Ramani ya njia salama tuliichora watatu: Douwe, tunayemwita Dira, aliyeongoza watembezi tangu ujana, Foekje Wakili, karani wa mahakama mstaafu, na mimi, Wiebe. Sietse Redio hakuchora kitu, ila kwa maneno hatumuwezi. Asubuhi ninayoisimulia tulikuwa na habari moja tu. Siku mbili kabla, mwanamke mgeni alikuwa amezama kwenye mkondo wa kaskazini unaokata matope, akiifuata ramani ya kwenye simu yake.

Ramani hiyo ilikuwa ile yetu, toleo la zamani. Siku tuliyoiweka mtandaoni tulibishania leseni, yaani nani aitumie na kwa sharti gani. Foekje alitaka kila atakayeichukua ataje ilikotoka na tarehe yake, na akiiboresha awarudishie wote maboresho hayo. Douwe akasema masharti ni uchoyo, iachwe huru kabisa. Tukapiga kura, Douwe akashinda. Baadaye kampuni moja ya programu za simu za watembezi ikaichukua, ikafuta tarehe, ikabandika nembo yake. Dhoruba za majira ya baridi zikauhamisha mkondo. Sisi tukasahihisha yetu. Yao ikabaki vilevile.

— Mimi nilisema, Foekje alianza.

— Ulitaka tuwabanie watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Douwe akamjibu.

— Mgeni amekuja, Dira. Hakupona.

Douwe akakizungusha kikombe mikononi. Akasema mwizi hasomi leseni, wangeichukua tu. Foekje akasema basi angalau tungewashitaki. Douwe akamuuliza, kwani hukumu inafufua?

Hapo Redio akaingia. Kwanza alidai kampuni imehongwa na wenye feri, ili watu waogope kutembea. Alipoona hapingwi, akapanda zaidi: tuchore mkondo wa uongo kwenye ramani yetu, na atakayeunakili tutakuwa tumemnasa.

— Na atakayeufuata kwa miguu? nikamuuliza.

— Mtego wa panya, bwana, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Douwe akamwambia anyamaze. Hakupaza sauti.

Kumbe msichana aliyekuwa akinunua kahawa kibandani alikuwa anatusikia. Akaja, akasimama mbele yetu akiwa na koti lake la mvua.

— Samahani, wazee. Naitwa Wenke. Yule aliyezama ni mama yangu.

Foekje akasogea ampishe. Msichana hakukaa. Aliuliza hiyo leseni ni kitu gani, na Foekje akamweleza polepole: lile sharti la kutaja chanzo na tarehe, la kurudisha marekebisho, na ule uhuru alioutetea Douwe. Msichana alisikiliza mpaka mwisho.

— Sasa, maji yalipomfika magotini na ramani inamwambia songa mbele, ni sharti lipi kati ya hayo lingemwambia rudi?

— Tarehe, Foekje akasema, ingekuwepo ile tarehe...

Redio alikuwa anatazama viatu vyake. Douwe akavua kofia, akaiweka magotini.

Wenke alitungoja tumjibu, muda mrefu kuliko tulivyostahili. Kisha akapanda tuta peke yake, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumfuata.