Njia ya Kukwepa Geti

SHEMEJI: Haloo? Haloo, dada, unanipata?

DEREVA: Nani wewe unayenipasua sikio?

SHEMEJI: Mimi, shemeji yako. Mume wa mdogo wako.

DEREVA: Aah, mwenye gari! Nilidhani kapiga mtu wa maana. Habari za huko?

SHEMEJI: Nzuri... yaani, siyo nzuri sana. Upo kazini?

DEREVA: Nipo yadi, nafunga vyombo vya wapima ardhi kwenye gari. Wengine tunaendesha porini kwa sababu ni kazi, siyo kwa sababu ya kupigwa picha. Sema shida yako.

SHEMEJI: Hivi, gari likiwa limeinama kidogo—

DEREVA: Kidogo kiasi gani?

SHEMEJI: Kidogo tu. Kuelekea bondeni.

DEREVA: [anacheka] Jamani! Uko wapi?

SHEMEJI: Kilimani, nyuma ya machimbo ya kokoto.

DEREVA: Umekatiza mteremko kwa ubavu? Na lile gari ulilolinyanyua ukalivalisha matairi ya trekta? Si nilikwambia siku ile ya harusi—

SHEMEJI: Ulinambia mbele ya watu wote. Nakumbuka.

DEREVA: Na leo narudia. Gari refu vile ukilipitisha ubavuni mwa kilima, linatafuta pa kulala. Kilima unakipanda wima au unakishuka wima, basi. Juu kwenye keria kuna mzigo?

SHEMEJI: Haloo? Sikusikii vizuri.

DEREVA: We! Nauliza, juu kuna kitu?

SHEMEJI: Hakuna. Hakuna kitu.

DEREVA: Uko na nani?

SHEMEJI: ...Peke yangu.

DEREVA: Afadhali. Mjinga mmoja, hasara ndogo. Sasa sikiliza. Gia ya kwanza. Kata usukani taratibu kuelekea bondeni, pua ya gari iangalie chini, ushuke nayo polepole. Hata mtoto wa chekechea anaweza.

SHEMEJI: Sawa... nakata... [injini inanguruma] Nak— yalaa!

DEREVA: Nini?

SHEMEJI: Limezidi kulala! Tairi la huku juu haligusi chini!

DEREVA: Haiwezekani, gari tupu haliwezi— Ngoja. Nini hicho kinachogongagonga?

SHEMEJI: [mtandao unakwaruza]

DEREVA: Juu kuna nini, shemeji?

SHEMEJI: Kabati.

DEREVA: Kabati la nani?

SHEMEJI: Lile... la milango mitatu.

DEREVA: Hilo ni kabati la mama! Lipo chumbani kwake, nyumbani kwangu. Asubuhi nimetoka nimeliacha. Umeiba kabati la mama?

SHEMEJI: Sijaiba. Mwenyewe yuko... yuko hapa nyuma. Anahamia kwetu.

DEREVA: Mama yumo ndani ya hilo gari?

SHEMEJI: Tungekwambia jioni, haki ya Mungu. Barabara kubwa inapita mbele ya geti lenu hapo yadi. Alisema ukituona utaanza maneno yako. Ndiyo maana nikapita huku.

DEREVA: Nyamaza. Zima injini. Kanyaga breki usiiachie, vuta na ya mkono. Amekaa upande gani?

SHEMEJI: Wa bondeni.

DEREVA: Mungu wangu! Ajisogeze huko juu, pole pole, atokee mlango wa juu. Asithubutu kutokea bondeni, likilala litamlalia. Na wewe usiinuke mpaka yeye atoke. Shemeji, naogopa, unanisikia?

SHEMEJI: Mama, njoo huku... shika kiti... Dada, mlango mzito, unamrudia—

DEREVA: Ausukume kwa miguu!

SHEMEJI: Na kiuno kile? Haya... mguu mmoja... Ametoka! Ametoka, dada!

DEREVA: Apande juu, mbali na gari. Sasa wewe. Sukuma mlango, ruka!

SHEMEJI: [kishindo, mbao zinavunjika, kishindo kingine, mbali]

DEREVA: Haloo? Shemeji! Haloo!

SHEMEJI: Nipo... nipo. Limebingirika mpaka chini kabisa.

DEREVA: Mama?

SHEMEJI: Mzima. Amekaa kwenye jiwe anajifuta vumbi.

DEREVA: [anashusha pumzi] Asante Mungu. Sasa niambie, hicho kichwa kimejaa ubongo au uji? Kabati kama lile juu ya gari kama lile! Mpe mama simu.

MAMA: Haloo.

DEREVA: Pole, mama. Kaa hapo hapo, nakuja na gari la kazini nikurudishe nyumbani. Unaona sasa? Kila siku nasema huyo hana akili, na wewe umemfuata kama mtoto mdogo. Yaani kila kitu mpaka nikufundishe mimi, hata gari la kupanda—

MAMA: Mwanangu.

DEREVA: Nakuja, mama.

MAMA: Usije. Tutatembea. Mdogo wako atatupokea njiani.

DEREVA: Na kiuno hicho? Pamoja na huyo aliyetaka kukuua?

MAMA: Gari ameliangusha, kweli. Lakini leo asubuhi nimesahau miwani, tukarudi. Nimesahau dawa, tukarudi tena. Kupanda garini nimepanda kwa kusukumwa. Hajanicheka.

DEREVA: Mama, mimi huwa nakutania tu.

MAMA: Haya, mwanangu. Kazi njema.

DEREVA: Mama, subiri kidogo. Mama?

SHEMEJI: Ni mimi tena, dada. Ameshatangulia. Acha nimshike mkono, huku kuna mawe. Halafu salio linaka—

DEREVA: Shemeji, tafadhali, mrudishie simu. Tafadhali. Haloo?