Siku Clifford Alipobaki Ndani ya Tangi

Kaeni hapa kitandani, Nickson, na wewe Carolyne, mnisikilize nikiwa bado na pumzi, kwa maana daktari amesema khalas, imekwisha, na kile kiwanda chetu cha mvinyo kule Machakos lazima kipate mwenyewe kabla sijafumba macho katika nyumba hii yenu ya Al Nahda, huku Dubai.

Hakitakuwa chenu. Nyamaza, Nickson, sijamaliza. Nampa Trinah, mjane wa ndugu yenu, na wakili anazo karatasi zote.

Clifford ndiye aliyepanda ile mizabibu baba yenu alipofariki, nami nikamlipa kwa kumficha, kwa kuwa moto ulimharibu uso tangu utotoni na niliona haya wageni wamwone. Chumba cha wageni kuonjea mvinyo nilikipamba maua, nikawakumbatia mlangoni watu nisiowajua, na mwanangu nikamwambia asitoke kwenye matangi mpaka magari yaondoke.

Siku walipokuja wale wa hoteli ya huku Dubai, Clifford aliingia kuosha tangi. Nickson, ulikuja ukaninong'oneza kwamba hewa ya zabibu zilizochacha imemzidi, ameanguka humo ndani, haitiki, lakini bado anakoroma. Nilikujibu nini? "Waache wageni wamalize." Nawe ukarudi kuwamiminia mvinyo, na Carolyne, uliyesikia yote, ukaendelea kutabasamu. Walikaa karibu saa nzima, wakasifu ukarimu wetu, wakawapa nyinyi wawili kazi huku kwao. Tulipomtoa alikuwa baridi. Kisha tukamwambia Trinah kwamba mumewe alilewa akaanguka, tukamfukuza na mimba yake, na Clifford maisha yake yote hakuonja hata tone.

Msilie. Hamkulia siku ile.

Mwili wangu mtaurudisha nyumbani, lakini Trinah ndiye atakayeamua kama nitazikwa shambani. Akikataa, tafuteni makaburi ya umma, wala msimbembeleze. Mungu awabariki, wanangu, maana mimi radhi ya kuwapa... sijui kama ninayo. Ngojeni nivute pumzi.

Carolyne, mpigie Trinah. Sasa. Weka simu hapa, karibu na mdomo... hapo. Acha iite.

Trinah, ni mimi, mama yake Clifford. Usikate, mwanangu, sina muda. Mume wako hakuwa amelewa. Tuliambiwa... tukamwacha. Watakueleza hawa, wako hapa. Mimi nataka tu... yule mtoto. Yule mtoto anaitwa nani?