Nyasi Nyuma ya Chumba cha Injini

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa parokia ya nyumbani, na asifiwe tena na nyinyi mnaonicheka kwamba Damiani wa darasa la tatu leo ameshika kalamu. Ni kweli, niliishia darasa la tatu. Lakini mikono hii imefufua injini ambazo wenye vyeti walikwisha kuzitupa jalalani, na hilo hamwezi kunipokonya. Leo lakini siandiki habari za injini. Naandika jinsi Mungu alivyonifungua kifungo ambacho sikujua kama nimefungwa.

Ufundi niliupata hapa hapa Tabora, chini ya malori ya Bwana Nasor, Mwarabu aliyezaliwa mjini petu. Miaka ya sabini, Omani ilipofungua milango, yeye akarudi kwa babu zake katika mji wa Ibra. Haukupita muda akaniandikia: "Damiani, njoo. Huku mashine zipo, fundi hakuna." Nikaenda. Nikamfungia pampu ya dizeli kwenye kisima cha bustani yake mpya ya malimau, na siku ya kwanza ilipounguruma watu walikuja kuisikiliza kama wanavyosikiliza redio. Nani aliiwasha? Mimi.

Ndugu zangu, kifungo changu hakikuwa pombe, maana kule pombe huioni. Kifungo changu kilikuwa ulimi. Kila kilichoharibika alikiharibu mwingine, na kila kilichotengenezeka nilikitengeneza mimi.

Sasa mnielewe vizuri habari ya maji ya kule. Mitende ya zamani ya Bwana Nasor hainyweshwi kwa pampu. Inanyweshwa na falaji, yaani mfereji wa mababu unaotoka chini ya mlima na kupita bustani moja baada ya nyingine. Kila bustani ina zamu yake. Mchana zamu hupimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, na msimamizi wa falaji, wanamwita arifu, ndiye anayetamka sasa ni zamu ya fulani. Zamu yako ikiisha, unaziba mlango wa bustani yako kwa jiwe lililoviringishwa matambara, maji yanashuka kwa jirani. Kule afadhali uibe mbuzi wa mtu kuliko kuiba maji ya zamu yake.

Injini yangu nayo ilitaka maji ya kuipooza. Nilikuwa nikiyabeba kwa madebe kutoka kisimani, nikaona haya si maisha ya fundi mkubwa. Basi Ijumaa moja, watu wako msikitini, nikachukua tindo, nikatoboa ukuta wa falaji pale unapopita karibu na chumba cha injini. Nikapitisha bomba nene kama kidole gumba, nikalifukia hadi kwenye tangi langu. Ndani ya tangi nikaweka boya, likijaa linajifunga lenyewe. Maungio nikayafunga kwa katani na rangi. Arifu sikumwambia. Nilijisemea, maji ya kidole kimoja, nani atayalilia?

Miezi michache baadaye zikaota nyasi nyuma ya chumba cha injini, kijani kibichi, mahali pa mawe matupu. Nikasema moyoni, Damiani, hata nyasi zinakufuata!

Kiangazi kilichofuata mitende ya Bwana Nasor ikaanza kukauka. Arifu akaja na fimbo yake akapima. Juu, bustani ya jirani, mfereji umejaa. Chini, mlangoni petu, maji yamepungua vibaya. Yanapotelea wapi hapo katikati? Mimi nilikuwa na jibu mdomoni kabla hajamaliza kupima. Nikasema, "Mzee Hemedi."

Mzee Hemedi alikuwa mtu wa Unguja, kwao alikuwa karani mwenye nyumba ya ghorofa. Ibra alifika mikono mitupu. Jamaa yake akampa kazi ya kuhudumia bustani hiyo ya jirani, na kibanda cha kulala humo humo. Alikuwa na punda mmoja. Bustani ile ndiyo ilikuwa riziki yake na paa lake. Mwanzoni nilikuwa nikimpa shikamoo kila asubuhi. Tangu pampu yangu ilipowaka nikaona mtu wa jembe hastahili shikamoo ya fundi, nikaacha.

Nikampelekea arifu ushahidi: nyayo za punda wa Mzee Hemedi ziko kando ya mfereji, upande wetu. Nikasema anakuja kufungua maji katika zamu yetu. Mzee akaitwa pale pale mferejini.

"Maji yenu niyatake ya nini, kijana?" akaniuliza. "Jembe lenyewe linanishinda."

"Basi nyayo ni za nani? Za kwangu?"

"Za punda. Muulize mwenyewe."

Watu wakacheka, mimi nikaona nimedharauliwa. Nikamwambia mbele yao, "Waliokuwa na ghorofa wakifilisika ndio huwa wezi."

Mzee akashika kamba ya punda wake. Kisha akasema polepole, "Fundi, nyumba niliipoteza. Haya ya uso sikuipoteza." Akamvuta punda wake akaenda zake.

Ikapangwa kwamba Ijumaa baada ya sala ya alasiri wazee wakae katika sabla, ukumbi wao wa mashauri. Yule jamaa yake alikwisha kusema wazi: likithibiti, mzee aondoke bustanini siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, Mungu ana watu wake hata pale usipotarajia. Ibra hakukuwa na kanisa, nilikuwa nikisali peke yangu chumbani. Lakini kulikuwa na mwalimu wa shule kutoka Misri, Ustadhi Jirjis, Mkristo wa kanisa lao la kale. Adhuhuri ya Ijumaa ile akaniletea feni yake mbovu. Nikawa naifungua huku najigamba kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, kwamba leo atanisikia nitakavyomkaanga yule mzee mbele ya wazee wenzake.

Akaniuliza, "Wewe, mweusi na Mkristo, humjui Mtakatifu Musa Mweusi?"

Nikasema Musa ninayemjua ni wa Bahari ya Shamu.

Akanisimulia. Musa huyu alikuwa mtumwa katika Misri ya zamani, pande la mtu, mwizi, kiongozi wa genge. Siku moja alikimbilia jangwani kwa watawa ili ajifiche, akawaona wanavyoishi, akatubu, akabaki kwao. Mtu wa nguvu vile akawa anawatekea maji watawa wazee wasioweza kufika kisimani. Sasa mtawa mmoja akakosa, wenzake wakakaa kikao wamhukumu, wakamwita Musa. Hakutaka kwenda. Walipomtumia mtu tena, akajitwika mtungi uliotoboka, umejaa maji, akaenda nao. Wakatoka kumlaki, wakamuuliza, baba, hii ni nini? Akasema dhambi zangu zinamwagika nyuma yangu wala sizioni, nami nimekuja leo kumhukumu mwenzangu. Wakamsamehe yule ndugu bila kumwambia neno.

Ustadhi akachukua feni yake, ilikuwa imepona, akaenda. Mimi nikacheka peke yangu. Mtu mkubwa mzima na mtungi mbovu! Lakini lile neno likakataa kutoka. Nyuma yangu. Wala sizioni. Nikainua macho, na mlango wa nyuma wa chumba cha injini ulikuwa wazi, na punda wa Mzee Hemedi yuko pale, ameinamisha kichwa anakula zile nyasi.

Nyasi juu ya mawe matupu, zinakunywa maji gani? Nikachukua sururu nikachimba. Sikuchimba hata mkono mmoja, matope. Maungio yangu, katani yangu na rangi yangu, yameachia, tundu la tindo limeliwa na maji likapanuka, na maji yanabubujika yakipotelea chini kwenye changarawe. Punda hakuwa akifuata mfereji. Alikuwa akifuata nyasi. Mwizi wa maji wa Ibra alikuwa Damiani.

Hapo ndipo nilipojaribiwa, siwafichi. Ningeweza kuziba tundu nikafukia. Maji yangerudi, Mzee Hemedi angefukuzwa, na mji mzima ungesema fundi alisema kweli. Nikiungama, ndege ya kurudi Tabora ilikuwa inaniita, na labda jela kwanza. Adhana ya alasiri ikaanza. Nilisimama na sururu mpaka ikaisha. Kisha nikang'oa bonge la nyasi na mizizi yake, linachuruzika matope, nikatembea nalo mpaka sabla.

Wazee walikuwa wamekwisha kukaa. Nikaliweka mbele yao juu ya mkeka safi. Bwana Nasor akauliza, "Damiani, umerukwa na akili?"

Nikasema, "Bwana, maji yako haya hapa. Nimeyaiba mimi." Nikaeleza yote, tindo, bomba, katani.

Bwana Nasor akafunika uso. "Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

Nikamgeukia Mzee Hemedi. Nikasema, "Shikamoo, mzee wangu. Nisamehe."

Mzee akaliangalia lile bonge la nyasi. Akasema, "Marahaba, mwanangu," kisha akamgeukia arifu. "Mwandikieni na punda wangu kuwa shahidi. Yeye alijua tangu zamani."

Sabla nzima ikacheka, hata Bwana Nasor. Na katika kicheko kile, ndugu zangu, nilisikia mzigo unanitoka mabegani kama injini inavyoinuliwa kwa mnyororo. Nilikuwa sijui kama ninaubeba.

Arifu akaamua nizibe tundu kwa mikono yangu, mji ukitazama, na zamu tatu za bustani yetu ziende kwa mzee. Sikufukuzwa. Nikarudia kubeba maji ya injini kwa madebe, na kila asubuhi debe la kwanza nililipeleka kwenye mtungi wa Mzee Hemedi, kama Musa alivyowatekea wazee wake. Hakuna fundi Ibra nzima aliyebeba madebe vizuri kama mimi, na hilo nalisema kwa shukrani.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mtakatifu Musa, namshukuru na punda. Na wewe unayesoma, uliyekwisha kujua mkosaji ni nani, mtegemee Bwana ukageuke utazame nyuma ya nyumba yako kwanza. Usiogope utakachokikuta. Mimi nilikuta matope, na ndiyo yaliyoniosha.

Siku ile tulipotoka sabla, Mzee Hemedi aliliokota lile bonge la nyasi kutoka mkekani. Akasema lisipotee bure, akampa punda wake.