Bernadeta Kasiani na Makopo Yaliyobaki Mtaani

Wapendwa mliofika hapa Keko kutushika mkono, familia ya Mzee Valerian inawaomba mtulie kidogo, kwani historia hii imeandikwa asubuhi ya leo na Flaviana, binti wa marehemu, huku mwanawe Hope wa miezi saba akiwa mapajani, na ndani yake kuna jambo linalowahusu wengi mliokaa chini ya turubai hili.

Marehemu Bernadeta Kasiani alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Ndanda, wilayani Masasi, mtoto wa tatu wa mchonga vinyago, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1982 hadi 1988, na mwaka 1993 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha biskuti Chang'ombe, kitengo cha kuchanganya unga, na huko ndiko alikoijulia emulsifaya, ile dawa inayoyafanya maji na mafuta yakubali kukaa pamoja, iliyomo kwenye mikate, kwenye askrimu, hata kwenye losheni tunazojipaka, ambayo alikuwa akiwaambia wanawe kwamba ikiwa ya chakula na ikipimwa kwa mizani haina neno, ila ile ya vipodozi isiingie mdomoni hata muuzaji akuapie.

Tarehe 19 Oktoba 1996 alifunga ndoa na Valerian, fundi seremala wa hapa Keko, wakajaliwa watoto wawili, Benjamin mwaka 1998 na Flaviana mwaka 2002, na kiwanda kilipopunguza watu mwaka 2009 akaanza kutengeneza askrimu na losheni nyumbani, akinunua emulsifaya ya chakula tupu kwa vyote viwili, na hakuuza kitu asichokionja au kujipaka yeye kwanza, wateja mnajua.

Sasa hapa baba mdogo Theonest alisema, "Ya ndani yabaki ndani, msiba una heshima zake, andikeni aliugua ghafla," na Flaviana akataka kunyamaza, maana anaogopa, lakini Mzee Valerian akajibu mbele ya wazee wote, "Lisemwe, Theonest. Dumu nimelileta mie," basi linasemwa.

Mwezi Aprili mwaka huu 2025 marehemu alipata emulsifaya ya maji, nyingi, akakosa chombo chenye mfuniko wa kukaza, mumewe akamletea kutoka karakana dumu la lita tano lililokuwa na dawa ya mchwa, ile ya kupaka mbao, akiwa amelisugua kwa mchanga na sabuni mara tatu na kulianika siku mbili, akamwambia, "Limetakata, mama Benja, hata maji ya kunywa weka," na marehemu akanusa, akacheka, akasema, "Laiti sie tungekuwa na choo kisafi hivi!"

Kumbe sumu ile ya mafuta ilikuwa imeshanywewa na plastiki yenyewe, na emulsifaya iliyokaa humo wiki nane ilifanya kazi yake ile ile ya kuyaita mafuta, ikaikokota sumu kutoka kwenye kuta za dumu tone kwa tone, hivyo ndivyo bwana afya alivyoeleza, na Flaviana ndiye aliyemfungulia dumu alipokuja kukagua baada ya marehemu kuugua, akaona ute wa njano umeng'ang'ania pembeni kama makohozi, na chini ya harufu ya mawaridi aliyotia mama yake ikapanda harufu ya mende waliopuliziwa dawa, akatapika pale pale mlangoni, kwa sababu ute huo, ukiwa ndani ya losheni ya mama yake, alikuwa amempaka mwanawe mapajani, mara mbili, akiusugua vizuri uingie.

Jumatano tarehe 4 Juni asubuhi marehemu alionja askrimu kabla ya kuuza, kijiko na kingine kwa kutoridhika na ladha, hata saa sita haijafika jasho na mate vikawa vinamtoka bila kukoma, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, akakimbizwa hospitali, akapambana siku sita, na Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa tisa alasiri, akafariki dunia akiwa na miaka hamsini na mmoja.

Askrimu ile haikuuzwa hata moja, ila losheni ya dumu hilo hilo ilitoka makopo arobaini, yamerudi ishirini na sita, na jana shangazi mmoja hapa msibani alisema, "La kwangu siliachi, ni kumbukumbu ya wifi yangu," huku mikono inang'aa, na tunakuomba, shangazi, kumbukumbu hiyo inakera kuliko maiti iliyooza, kanawe kwa sabuni na ulilete, na wenye watoto wachanga msingoje kuona dalili, wapelekeni kupimwa kama Hope alivyopimwa na bado anaangaliwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, mafundi wa Keko waliochonga jeneza bila kuitwa, majirani waliopika, na wenzake wa kiwandani waliotoka Segerea na Temeke yote, na tunawashukuru zaidi wale ishirini na sita.

Mama, umelala bila kuambiwa ni nani wengine uliowapaka, na ni heri, pumzika kwa amani, milango kumi na nne iliyobaki tutaigonga sie, tukitoka tu makaburini.