Matumizi Mchanganyiko

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na geti la kiwanda cha nguo ambacho hakijatoa hata uzi kwa miaka kumi na minne. Asubuhi hiyo wenye kijiwe walikuta tangazo jipya limebandikwa getini. Bomba, aliyefanya kazi mle ndani idara ya rangi mpaka siku ya kufungwa, alilisoma mara mbili, akarudi kukaa hajaambulia kitu. Tangu waanze kuja watu wa kupima ardhi, alishamwambia mkewe kiwanda kinafunguliwa.

— Hebu soma tena, taratibu, alisema Spika, kinyozi wa jirani, aliyepewa jina hilo kwa kutomwachia mtu zamu ya kuongea.

— "Mabadiliko ya matumizi ya ardhi, kutoka viwanda kwenda matumizi mchanganyiko. Mwenye maoni ajitokeze."

— Mchanganyiko wa nini na nini?

— Hawajasema.

— Basi ni zege, alidakia Dokta, fundi simu ambaye hajawahi kukubali kwamba kuna simu iliyokufa. Zege si mchanganyiko? Wanaleta kiwanda cha zege.

— We nawe! Wanatoka kwenye viwanda halafu warudi huko huko?

— Wameandika watatoka. Hawajaandika hawarudi.

Shangazi, mwenye birika la kahawa, alimjazia Bomba kikombe.

— Mimi nimesikia maghorofa. Chini maduka, juu watu wanalala.

— Na mashine?

— Watalala nazo. Ndiyo mchanganyiko wenyewe.

Wakacheka wote. Bomba naye alicheka, kisha akauliza:

— Sasa kazi je? Sisi wa zamani wataturudisha?

— Wewe kazi unayo, alisema Spika. Wanafanya makumbusho. Watakuweka nyuma ya kioo ukoroge rangi, watu walipe kiingilio.

— Nitaanza kukoroga saa ngapi?

Bomba alishtuka kujisikia ameuliza kweli kabisa.

— Mnapotea nyote, alisema Dokta, akashusha sauti. Ni mji wa chini kwa chini. Mbona wameandika matumizi ya ardhi, hawakuandika matumizi ya jengo? Jengo litabaki kama kofia tu.

— Na hewa?

— Dohani lile la nini?

Wakainua macho kuliangalia dohani refu la kiwanda. Bomba alilijua tangu ujana wake, lakini sasa hata yeye hakuwa na hakika tena lilikuwa la nini.

Hapo ndipo alipotoka getini dada mmoja, buti za mpira miguuni, begani mfuko wa vichupa vya udongo.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Kuna aliyewahi kufanya kazi humu?

Vidole vitatu vikamwelekea Bomba.

— Kule nyuma udongo ni wa zambarau, nimechimba mpaka urefu wa mkono, alisema yule dada. Hapo ndipo panapotakiwa kujengwa chekechea. Mlikuwa mnamwaga nini?

Bomba akafungua mdomo. Kila Jumamosi, miaka kumi na mmoja, alisukuma pipa kutoka idara ya rangi kwa toroli na kulimwaga pale alipoamriwa. Hakuna aliyemwambia lina nini. Lilikuwa na namba tu ubavuni.

— Tulikuwa tunaliita saba.

— Saba ndiyo nini?

Bomba alimtazama Spika. Spika alimtazama Dokta. Dokta akaingiza macho kwenye kikombe.

— Sijui, mwanangu, alisema Bomba. Lilikuwa likiwasha macho.

— Na mlimwaga hapo tu?

Bomba akageuka kuutazama ukuta kwa aibu.

— Hapana. Pakijaa tulikuwa tunavuka ukuta.

— Ng'ambo ya ukuta si kuna nyumba?

— Wakati ule hazikuwepo.

Shangazi akaweka birika chini. Yeye anakaa huko, nyumba ya tatu, na amepanda mboga mpaka mlangoni.

— Kaka, alisema, ulivuka mpaka wapi?

Bomba akainuka, akavaa kandambili zake.

— Njooni niwaonyeshe.

Akatangulia kuufuata ukuta, akihesabu hatua kwa sauti. Hakuna aliyebaki benchini.