Mlango wa Hodan

Mvua ilikuwa imepumzika kidogo pale sokoni Tulia, na benchi la Hamud muuza kahawa lilijaa mapema kuliko kawaida. Mimi nashona viatu hapo kando, kwa hivyo hakuna neno linanipita. Alikuwepo Mutie, tunayemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kortini Kitui na tangu siku hiyo hajamaliza kutoa ushahidi. Alikuwepo Nyamai, jina la benchi Breki, aliyeendesha malori ya mbao mpaka magoti yakakataa. Na mwisho wa benchi alikaa Mulinge seremala, kikombe mkononi, hanywi. Jana yake Hodan, mke wa Sharmarke wa mbuzi, alikuwa ameingiza jiko la makaa chumbani kwa sababu ya baridi, akafunga mlango. Hewa ya makaa ilipoanza kumlevya alitaka kutoka na mtoto. Mlango ukagoma. Majirani walimsikia mtoto akilia, wakaupiga mabega mpaka ukaachia, wakamkuta Hodan sakafuni. Mlango huo Mulinge aliutengeneza mwezi wa tisa, kwa mbao za seda. Sharmarke alikuwa mnadani Garissa.

— Amefika wapi? Mulinge aliuliza.

— Yuko hospitali tangu alfajiri, Hamud akasema. — Akitoka huko anakuja hapa.

— Amesema anakuja kufanya nini?

— Amesema anakuja.

— Na Hodan?

— Wamemwekea oksijeni. Mtoto ananyonya chupa. Mama bado hajaongea.

Mulinge aliweka kikombe chini. Alianza kueleza bila kuulizwa, kama mtu anayejizoeza.

— Mwezi wa tisa kulikuwa kukavu kabisa. Mbao ilikuwa imejikunyata. Hodan akaniambia vumbi inaingia, nikaacha nafasi nyembamba kama gazeti. Sasa mvua imekuja, mbao imekunywa maji. Mbao haiongezeki urefu, inaongezeka upana. Na huo mlango ni mapana ya mbao tano yamekaa pamoja. Kila moja imenenepa kidogo.

— Si ulisema seda haitembei? Breki akauliza.

— Inatembea kidogo kuliko zingine. Sikusema haitembei.

— Hakuna mbao haitembei, Breki akasema. — Mimi nilikuwa nafunga mzigo huko juu kwenye baridi, kamba imekaza mpaka inalia. Nikifika Mtito Andei na ile joto, kamba imelegea, mbao zinacheza. Kuna siku nililala huko siku mbili, nikakuta mbao zimepungua mpaka askari wa barabara akaniuliza zingine nimeuzia nani.

— Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, Wakili akaingilia. — Kwa hivyo kama ulienda, kuna mtu aliusukuma. Hiyo ndiyo kesi.

— Hiyo methali si ya mbao kuvimba, nikamwambia.

— Wewe shona.

— Nani angeusukuma? Hamud akauliza.

— Sijataja mtu. Lakini hiyo mbao ilitoka msitu gani? Kama ilikatwa bila ruhusa, ina kinyongo. Mti wa wizi hukaa kimya kiangazi, unangoja.

— Sio kinyongo, Breki akasema. — Seda ni mti wa baridi. Mvua ikinyesha, hewa ikipoa, inadhani imerudi kwao. Inaanza kumea. Ukiiacha mpaka mwezi wa kumi na mbili utaona majani kwenye fremu.

Siku nyingine tungecheka. Siku hiyo Breki mwenyewe aliona neno lake limeanguka vibaya, akainamia kahawa.

— Mimi nafikiria watanipeleka polisi, Mulinge akasema.

— Useme ni kazi ya Mungu, Wakili akamshauri. — Mvua ni ya Mungu. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Nisimame mbele ya huyo mwanaume nimwambie hivyo?

Hapo Sharmarke alikuwa anavuka barabara. Mtu mrefu, viatu vimejaa matope, mfuko wa nguo za mtoto kwapani. Mulinge alisimama. Nami nikashika nyundo yangu ya viatu bila kujua nataka kufanya nini nayo.

Sharmarke alimsalimia Hamud kwanza, halafu sisi wote. Akabaki amesimama.

— Ameamka, akasema. — Ameongea.

Mulinge alifunga macho.

— Sharmarke, pole sana, Wakili akaanza. — Ujue hii mambo ya mbao na unyevu —

— Mbao ilivimba. Najua. Hata kwetu milango inavimba. Sharmarke alimgeukia Mulinge. — Fundi, mimi sikuja kugombana. Nimepitia nyumbani kuchukua nguo, nikaingia, nikafunga huo mlango nikiwa ndani. Majirani walikuwa nje, wao walisukuma. Mke wangu alikuwa ndani. Mlango unafungukia ndani, kwa hivyo yeye ilibidi avute. Kucha zake zimevunjika, zote za mkono wa kulia. Nauliza tu. Angeshika wapi?

Nilijaribu kuuona mlango ule kichwani. Nje una mkono wa chuma mzuri, unang'aa, kila mtu aliusifu. Ndani kuna komeo dogo la kusukuma kwa kidole, na mbao laini iliyopigwa randa vizuri.

Wakili alitazama barabara. Breki alitazama magoti yake. Hamud alimimina kahawa akampa Sharmarke, naye akaipokea, akaishika tu.

— Sijui, Mulinge akasema mwishowe. — Sikufikiria mtu wa ndani.

Sharmarke aliitikia kwa kichwa, polepole. Akamrudishia Hamud kikombe, akaondoka na nguo za mtoto. Mulinge alikaa kidogo, kisha akaenda karakanani kwake, akatoka na randa na mkono wa chuma, akapanda njia ya kwenda kwa Sharmarke. Hakuna aliyemtania.

Jioni nilipofika nyumbani nilifunga mlango, nikasimama ndani, nikaanza kuupapasa. Mke wangu akaniuliza natafuta nini.